Gari la Moshi Linalobeba Maji Yake Lenyewe



Watoto wetu wanajua neno «gari la moshi», lakini wengi hawajaona moshi wake. Treni inayofika Kindu kutoka Lubumbashi inavutwa na mashini ya mazuti. Mtoto akiuliza, «Baba, kwa nini munaiita gari la moshi?», baba anajibu, «Ni jina la wazee.» Jibu hilo si baya, lakini ni fupi sana. Nyuma ya jina hilo kuna historia ndefu ya moto, maji na chuma. Na historia hiyo ilianza mahali tunapopajua vizuri sisi watu wa machimbo: ndani ya shimo lililojaa maji.

Mwezi huu tuzungumze juu ya namna moja ya magari ya moshi, yale madogo yanayobeba maji yao yenyewe. Waingereza walitengeneza mengi sana ya namna hii, wakayatumia kwao na katika inchi nyingi, hata Kenya na Uganda. Tutaona namna yalivyofanya kazi, halafu tutarudi kwetu, kwenye njia ya chuma ya Kindu na Kongolo.

LILIZALIWA KWENYE MACHIMBO

Kila mchimbaji anajua adui wake wa kwanza ni nani. Si jiwe gumu. Ni maji. Unachimba, unafika chini, unaona mali kwa macho, na usiku mmoja tu maji yanajaa. Leo mwenye shimo anakodi motopompe. Asiye na franka za kukodi anachota kwa bidoni, na watu kumi wanapokezana toka asubuhi hadi jioni.

Shida hii hii waliiona Waingereza zaidi ya miaka 300 iliyopita, katika machimbo yao ya makaa ya mawe na ya bati. Mwaka wa 1712 fundi mmoja jina lake Thomas Newcomen alisimamisha mashini ya mvuke ya kuvuta maji kutoka shimoni. Ilikuwa kubwa kama nyumba. Haikutembea hata kidogo. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutoa maji ili watu wachimbe.

Karibu miaka 90 ilipita. Richard Trevithick, mtoto wa msimamizi wa machimbo kule Cornwall, inchi ya bati, akawaza hivi: ikiwa mvuke unaweza kuvuta maji, kwa nini usizungushe magurudumu? Tarehe 21 Februari 1804, kule Penydarren katika Wales, mashini yake ilivuta tani 10 za chuma na watu 70 kwa njia ya kilometa kama 15. Ilifika. Lakini reli za siku zile zilikuwa dhaifu, zikavunjika chini ya uzito wake. Mashini ilikuwa tayari, njia haikuwa tayari. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutalikuta tena huku kwetu.

Kisha akatokea George Stephenson. Alizaliwa mwaka wa 1781 katika kijiji cha Wylam. Baba yake alikuwa mtu wa kutia moto kwenye mashini ya kuvuta maji ya chimbo la makaa. Jamaa ilikuwa maskini, na George hakupelekwa shuleni. Alipokuwa na miaka 18 hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa akifanya kazi mchana, akaanza kwenda kujifunza usiku, akilipa mwalimu kwa mshahara wake mdogo. Alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka wa 1825 ndiye aliyeendesha treni ya kwanza katika njia ya Stockton na Darlington, na watu wa Uingereza wakamwita baba wa njia za chuma.

Vijana, someni tena mstari ule: miaka 18, hakujua kusoma.

MAJI YANAKAA WAPI?

Mama akipika sombe, kifuniko cha sufuria kinaruka-ruka. Nani anakirusha? Ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke yanatafuta nafasi kubwa, karibu mara 1,600 kuliko nafasi ya kwanza. Ukiyafungia ndani ya pipa la chuma lenye nguvu, na kuyaachia tundu moja tu la kutokea, yatasukuma kwa nguvu chochote kilicho mbele yake. Katika gari la moshi mvuke unasukuma pistoni, pistoni inasukuma mkono wa chuma, na mkono ule unazungusha magurudumu. Kisha mvuke unatoka juu pamoja na moshi: chu-chu-chu. Ndiyo sauti ambayo wazee wetu waliiiga walipokuwa wakitusimulia.

Sasa angalieni: mvuke ukishatoka, umepotea. Kwa hiyo gari la moshi linakunywa maji saa zote. Tena linakula makaa ya mawe au kuni. Je, akiba hii ikae wapi?

Kuna njia mbili. Magari makubwa ya safari ndefu yalivuta nyuma yao behewa la pekee, lenye tangi la maji na nafasi ya makaa. Lakini magari madogo yalibeba yote juu ya mwili wao wenyewe. Mengine yalikuwa na matangi mawili kando, kushoto na kuume, kama mtu aliyebeba bidoni mbili. Mengine yalikuwa na tangi moja lililopanda juu ya mgongo, kama matandiko juu ya punda. Mengine yalificha maji chini, katikati ya magurudumu. Makaa yalikaa katika sanduku dogo nyuma ya mashinisti.

Katika mashindano makubwa ya Rainhill, mwezi wa Oktoba 1829, yalionekana yote mawili. Gari la Stephenson na mwana wake Robert, jina lake Rocket, lilivuta maji yake nyuma. Gari lingine, jina lake Novelty, lilibeba maji yake lenyewe. Novelty lilikuwa jepesi, lilikimbia vizuri, na watu wakalishangilia sana. Lakini liliharibika mara kwa mara, na Rocket likashinda. Hata hivyo wazo la kubeba maji mwenyewe halikufa. Kwa zaidi ya miaka 100 viwanda vya Uingereza viliendelea kutengeneza magari ya namna hiyo kwa maelfu.

FAIDA NA HASARA YAKE

Kwa nini waliyapenda? Sababu ya kwanza: gari lenye behewa la maji nyuma halipendi kurudi kinyumenyume, maana mashinisti haoni njia vizuri. Lazima ligeuzwe kwenye meza kubwa ya kuzunguka. Gari dogo linaenda mbele, linarudi nyuma, ni sawasawa. Sababu ya pili: ni fupi, linapita katika kona za bandari na za viwanda. Sababu ya tatu: uzito wa maji unakandamiza magurudumu juu ya reli, hayatelezi ovyo wakati wa kuvuta mzigo.

Lakini kila kitu na mpaka wake. Maji yakipungua, uzito unapungua, na nguvu ya kushika reli inapungua pia. Tena tangi lenyewe ni dogo. Gari hili haliwezi kwenda mbali bila kunywa. Ndiyo sababu kazi yake ilikuwa safari fupi, na zaidi sana kazi ya gare: kupanga mabehewa (wengi kwetu wanaita mavago), kuyatoa bandarini, kuyaleta mahali treni kubwa inapongojea.

Abiria aliyepanda treni kubwa hakulitazama hata kidogo. Lakini lisipoamka saa kumi ya usiku kupanga mabehewa, treni kubwa haiondoki.

Kulikuwa na hatari pia. Maji yakishuka sana ndani ya mashini, dari la nyumba ya moto linabaki kavu, chuma kinalainika, na mashini inaweza kupasuka na kuua watu. Kwa hiyo mafundi walitia kizibo cha risasi katika dari lile. Risasi inayeyuka upesi kuliko chuma. Maji yakipungua, kizibo kinayeyuka, mvuke unamwagika juu ya moto, nao watu wanajua kuna hatari kabla mashini haijapasuka. Fundi mwema hakungojea kizibo kiyeyuke. Alitazama kioo cha maji kila wakati.

MCHUNGAJI NA GARI DOGO

Labda wengine katika miji wameona katika televizio sinema ya watoto yenye gari dogo la rangi ya bluu lenye uso wa mtu. Jina lake ni Thomas. Wachache wanajua kwamba aliyemwanzisha alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana, Wilbert Awdry. Wakati wa vita ya pili ya dunia mtoto wake Christopher aliugua surua. Baba alikaa karibu na kitanda, akamsimulia hadithi za magari ya moshi ili mtoto asichoke kulala. Baadaye akamtengenezea gari dogo la mbao. Hadithi zilipigwa chapa, na kitabu cha Thomas kilitoka mwaka wa 1946.

Mchoraji wa kitabu alichukua mfano wa magari ya kweli, jamii iliyoitwa E2. Yalikuwa 10 tu. Yalitengenezwa Brighton, kusini mwa Uingereza, kati ya mwaka wa 1913 na 1916. Matano ya kwanza yalikuwa na matangi mafupi. Matano ya mwisho yaliongezewa matangi marefu kwa mbele, ili yabebe maji mengi zaidi. Yalikuwa na magurudumu sita, yote ya kuvuta. Kazi yao ilikuwa ile ile ya wadogo: kupanga mabehewa mjini London na kwenye bandari ya Southampton. Kati ya mwaka wa 1961 na 1963 yote 10 yaliondolewa kazini na kukatwa vyuma vikuukuu. Hakuna hata moja lililohifadhiwa.

Magari ya chuma yalikwisha. Hadithi ya baba kwa mtoto mgonjwa ilibaki, na leo inajulikana dunia nzima.

MAJIRANI ZETU WA MASHARIKI

Sasa tuvuke ziwa Tanganyika kwa mawazo. Mwaka wa 1896 Waingereza walianza kujenga reli toka Mombasa. Ilifika Kisumu, kando ya ziwa Viktoria, mwaka wa 1901. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa, ajali na wanyama wakali. Upana wa reli ulikuwa metre moja.

Reli ya Kenya na Uganda ilipokua, bandari ya Mombasa ilijaa mizigo, na gare za barani nazo zikajaa. Yakahitajika magari madogo ya kupanga mabehewa. Kiwanda cha Vulcan Foundry, katika mji wa Newton-le-Willows, kilitengeneza magari 27 ya jamii iliyoitwa ED1, yaliyoanza kazi kati ya mwaka wa 1926 na 1930. Kila moja lilikuwa na magurudumu mawili madogo mbele, sita makubwa ya kuvuta katikati, na mawili madogo nyuma. Mbele na nyuma vinafanana: ni gari lisilo na haja ya kugeuka.

Mwaka wa 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika kuwa shirika moja la Afrika Mashariki. Magari yalipewa hesabu mpya, na ED1 zikawa jamii ya 11. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaongezewa wadogo zao wenye nguvu zaidi, jamii ya 13. Yalikuwa 18, kazi ya kiwanda cha North British mjini Glasgow, nayo yalibeba maji yao yenyewe vilevile.

Miaka hiyo hiyo, 1955 na 1956, yalifika majitu 34 ya jamii ya 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Kila moja lilikuwa na uzito wa tani kama 250, na yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Yalikuwa magari ya mvuke yenye nguvu kuliko yote duniani kwenye reli za upana wa metre moja. Mtu akifika leo Nairobi anaweza kuona lile la Mount Gelai katika nyumba ya makumbusho ya reli, iliyofunguliwa mwaka wa 1971. Watu wanapiga foto mbele ya jitu. Lakini kila mzigo ambao majitu yale yalivuta toka Mombasa, mdogo mmoja alikuwa ameupanga kwanza.

KWETU: LUALABA NA MILANGO YAKE

Haya, turudi nyumbani.

Kabla ya reli, njia ya mali kutoka kwetu ilikuwa bega la mtu. Misafara ya pembe ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikaenda Ujiji na pwani. Lugha tunayoandika hapa ilikuja kwa njia ile, na machozi mengi yalipita njia ile ile. Mwaka wa 1893 jeshi la Leopoldi liliteka Nyangwe na Kasongo. Mabwana walibadilika, mzigo ulibaki begani.

Mto Lualaba ni mkubwa, lakini hauendeki wote. Kuna maporomoko kati ya Ubundu na Kisangani, tena mengine kati ya Kindu na Kongolo, pale ambapo wazungu walipaita Milango ya Jehanamu. Masua ya mvuke haikuweza kupita. Kwa sababu hiyo mwaka wa 1902 iliundwa kampuni ya CFL, chini ya tajiri wa Ubelgiji Edouard Empain, ili ijenge reli mahali mto unapokataa. Kipande cha kwanza, Kisangani hadi Ubundu, kilometa 125, kilifunguliwa mwaka wa 1906. Kipande cha pili, Kindu hadi Kongolo, kilometa 355, kilimalizika mwisho wa mwaka wa 1910. Cha tatu, Kabalo hadi Kalemie, iliyoitwa wakati ule Albertville, kilometa 273, kilifika ziwani mwaka wa 1915. Upana wake ulikuwa metre moja, sawa na wa jirani zetu wa mashariki.

Kwa hiyo msafiri wa zamani alipanda treni, akashuka, akapanda masua, akashuka, akapanda treni tena. Mwaka wa 1939 daraja la Kongolo na reli ya kwenda Kabalo viliunganisha vipande viwili vya kusini. Mwaka wa 1955 reli hizo za kusini zilipanuliwa kufika milimetre 1,067 ili zilingane na zile za Katanga, na mwaka wa 1956 njia ya Kamina na Kabalo ikakamilika. Kipande cha Kisangani na Ubundu kilibaki peke yake na upana wake wa zamani.

Tazameni vizuri katika karta. Reli inapita Kibombo na Samba, upande wa magharibi wa Lualaba. Kasongo iko upande wa mashariki. Kabambare iko mbali zaidi mashariki. Mtu wa Kasongo aliyetaka treni ilimpasa kuvuka mto; mtu wa Kabambare alitembea siku nyingi kabla ya kufika hata mtoni. Kuanzia mwaka wa 1917 Maniema ililimishwa pamba kwa lazima, na pamba ile ilibebwa kwa kichwa. Baada ya mwaka wa 1930 bati ya Kalima na machimbo mengine ilianza kutoka kwa wingi. Gari la moshi lilikula mali ya inchi yetu, nalo lilikula pia msitu wetu, maana kuni za mashini na za masua zilikatwa na watu wa vijiji kando ya njia. Wazee hawakusahau kazi ile.

Na kujenga kwenyewe kulikuwa na bei. Katika njia ya Matadi na Kinshasa, iliyojengwa toka 1890 hadi 1898, hesabu ya serikali yenyewe inataja Waafrika 1,800 na wazungu 132 waliokufa. Tukisifu mashini, tusiwafiche watu hao.

MAJI KICHWANI

Kuna jambo moja la mwaka wa 1915 linaloonyesha wazi urafiki wa mvuke na maji. Wajeremani walitawala ziwa Tanganyika kwa masua zao. Waingereza wakaamua kuleta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, kwa inchi kavu. Zilipelekwa kwa reli hadi Fungurume katika Katanga. Pale reli ilikwisha.

Basi zikavutwa juu ya milima ya Mitumba na matrakta mawili ya mvuke. Njia ilikatwa mbele yao katika pori, na madaraja mengi yakajengwa kwa miti. Inchi ilikuwa kavu, na matrakta yalikuwa na kiu kama kila mashini ya mvuke. Tangi likikauka, safari inasimama. Wanawake wa vijiji walileta maji kichwani, wakanywesha mashini ya mzungu. Baadaye mashua zilishuka Lualaba hadi Kabalo, zikapanda reli mpya ya CFL hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka masua ya Wajeremani iliyoitwa Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann.

Vitabu vya vita vinataja maofisa na mashua. Majina ya mama wale waliobeba maji hayakuandikwa. Lakini bila wao tangi lingekauka mlimani.

NANI ALIJUA MASHINI?

Swali hili linatuuma hata leo. Katika Kenya ya wakoloni, kwa muda mrefu waendeshaji walikuwa wazungu na Wahindi, na Mwafrika alitia makaa tu. Kwetu Kongo Wabelgiji walifundisha watu weusi kuendesha mapema zaidi, sababu mzungu alikuwa gali. Baba zetu waliendesha, walitia mafuta, waliosha mashini, walijua kila mlio wake. Lakini kuchora mashini, kuhesabu nguvu ya daraja, kuongoza kampuni, hapana. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliomaliza universite walikuwa wachache kabisa.

Kuendesha ni jambo moja. Kuelewa ni jambo lingine. Mashini iliyofika bila elimu yake ni mgeni ndani ya nyumba: siku akiugua, hakuna anayejua dawa yake.

Mwaka wa 1974 reli zetu ziliwekwa pamoja katika shirika moja, lile linaloitwa leo SNCC. Mvuke ulikwisha toka, mazuti yakaingia. Lakini vipande vya kubadilisha vilikosa, miti ya chini ya reli ikaoza, na vita iliyoanza mwaka wa 1998 ikakata njia ya Kindu kwa miaka. Ilipofunguliwa tena, treni zilibaki chache na safari ndefu kupita kiasi. Mukumbuke Trevithick: mashini inaweza kuwa tayari, lakini kama njia haiko tayari, chuma kitavunjika.

KIJANA WA SHIMO NA GURUDUMU LAKE

Leo mali ya Kabambare, dhahabu ya Namoya na Salamabila, na mchele wa Kasongo, vinatoka kwa piki-piki, kwa kinga, na bado kwa kichwa cha mama. Tunasema, «Siku serikali italeta reli, tutaendelea.» Ni haki kuidai. Njia ni deni la serikali kwa watu wake, na wazazi waendelee kusema bila woga.

Lakini yule kijana wa Wylam hakungojea reli, maana haikuwako. Alikuwa na mambo matatu: mashini mbovu mbele yake, mwalimu wa usiku, na mshahara mdogo aliogawanya. Katika makambi yetu ya machimbo motopompe ziko, konkaseri za kusaga mawe ziko, jenereta ziko. Zikiharibika, wengi wanapiga teke, wanatukana, kisha wanaita fundi kutoka Bukavu au Kindu na kulipa bei atakayotaja. Ni kijana gani anayekaa karibu na fundi yule na kumwuliza, «Hiki kinafanya nini?» Ni kijana gani anayetoa sehemu ndogo ya mali ya juma, kabla haijaingia katika pombe na kamari, amlipe mwalimu wa jioni wa kusoma na kuhesabu?

Na sisi wa parokia na makanisa yenye majengo: saa moja ya usiku majengo yako wazi au yamefungwa kwa kufuli? Mwalimu mmoja, taa moja, ubao mmoja, na vijana kumi wa shimo. Si mradi wa wazungu. Tunaweza kuuanza juma lijalo.

Wengine wanadharau kazi ndogo. Anataka kuwa patro siku ya kwanza, treni kubwa yenye abiria na muziki. Gari dogo la gare linabeba maji yake lenyewe, safari yake ni fupi, na mtu halipungii mkono. Hata vile kila asubuhi linaamshwa mbele ya lile kubwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Wazazi na babu wetu walifanya kazi gani wakati wa treni ya mvuke: kukata kuni, kubeba pamba, kuendesha, kujenga njia? Andikeni majina yao na kazi zao kabla hawajaondoka na habari zao.

2. Katika nyumba yetu nani anabeba maji, na nani anakumbuka kumshukuru?

3. Ni mashini gani iko karibu nasi ambayo tunaitumia bila kuielewa? Nani katika mtaa wetu anaweza kutufundisha?

4. Katika kila franka 1,000 za machimbo, ngapi zinakwenda katika kujifunza?

Mujibu pamoja, wakubwa kwa wadogo. Mwenye majina ya wazee waliofanya kazi ya reli asome mbele ya watoto, polepole, jina kwa jina.